Suruali imepungua saizi mbili lakini mizani imegoma: nishangilie au nisubiri?

Swali limetoka kwa mama wa miaka 43. Anachoma sindano ya semaglutaidi, dawa ya kupunguza uzito, mara moja kwa wiki, chini ya uangalizi wa daktari, na sasa yuko mwezi wa saba. Alianza na kilo 98, akashuka hadi 84, na kwa wiki tano zilizopita mizani haijasogea. Wiki hizo hizo ameanza mazoezi ya kunyanyua uzito. Juzi alijaribu suruali iliyo saizi mbili chini ya ile aliyoizoea, zipu ikapanda yenyewe, akapiga vigelegele mpaka binti yake wa miaka 12 akaja mbio kuona kulikoni. Wifi yake aliyekuwepo akasema: "Usijisifu, hiyo si wewe, ni sindano." Furaha ikaingia doa. Anauliza kama ni utoto kushangilia saizi ya nguo, na kama nguo inasema kweli wakati mizani imekwama. Ana gauni la zamani analotaka kulivaa kwenye harusi miezi miwili ijayo, na amefikiria kuomba dozi ipandishwe haraka ili limkae. Pia anataka kujua kama agawe nguo zake kubwa zote. Anameza dawa ya shinikizo la damu.

Dada yangu, shangilia. Nalitanguliza hilo kwa sababu barua yako inasomeka kama ya mtu anayeomba ruhusa, na ruhusa hiyo haiko mikononi mwangu wala mwa wifi yako. Nimewahudumia watu wenye uzito uliozidi kwa miaka mingi, na nakwambia kwamba maumivu yao makubwa mengi hutokea mbele ya kabati la nguo. Mizani mtu anaweza kuikwepa mwaka mzima. Nguo haikwepeki, maana kila kukicha lazima uvae kitu utoke. Nimekutana na waliokataa mialiko kwa kukosa nguo inayofunga, na waliozoea kununua kinachowaingia hata kama hawakipendi. Mtu wa namna hiyo akisimama wima na zipu ikapanda bila kuvuta pumzi, ana haki ya kupiga vigelegele hata majirani wasikie.

Sasa maneno ya wifi. Yalikukata maini kwa sababu ndani yake kuna kipande cha ukweli, kwa hiyo tukitazame hicho kipande. Sindano inaiga homoni iitwayo GLP-1 ambayo utumbo wako mwenyewe huitoa kila unapokula. Ile ya asili huvunjwa ndani ya dakika chache. Semaglutaidi imetengenezwa isivunjike upesi: inachukua takriban wiki nzima kiasi kilichomo mwilini kupungua kwa nusu, ndiyo maana unachoma mara moja kwa wiki. Inafika kwenye sehemu za ubongo zinazosimamia njaa na shibe, inachelewesha chakula kutoka tumboni, na mawazo ya chakula yaliyokuwa yakikusumbua kutwa yanatulia. Kwa upande wa kula, hapo ndipo kazi yake inapoishia. Kilichowekwa sahanini baada ya mawazo hayo kutulia umekichagua wewe. Kichefuchefu cha wiki za mwanzo umekivumilia wewe. Hayo mazoezi umeyaanza wewe.

Kuna jambo ambalo ningependa wifi yako alisikie, ukipata nafasi ya kumweleza kwa upole. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu waliopungua kwa lishe kali ya wiki kumi. Mwaka mzima baadaye homoni yao ya njaa ilikuwa bado juu kuliko mwanzo, kadhaa za shibe ziko chini, na wenyewe walisema wanahisi njaa zaidi. Mwili uliopungua hupigania kurudi ulikotoka, na hupigana kwa kemia. Anayefeli lishe mara ya nne au ya tano mara nyingi ana nidhamu kuliko sisi tunaomhukumu. Anashindana na mwili usiolala. Dawa hizi zinapunguza makali ya mashindano hayo. Wewe unameza dawa ya shinikizo la damu, na shinikizo linaposhuka hakuna anayekwambia usifurahi kwa sababu ni kidonge. Uzito uliozidi nao ni hali ya kiafya yenye tiba. Desemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaokubali dawa za kundi hili, kwa masharti, kama sehemu ya matibabu ya muda mrefu ya unene uliokithiri kwa watu wazima, zikiambatana na msaada wa lishe na mazoezi. Shirika hilo lisingeandika hivyo kuhusu njia ya mkato ya wavivu.

Tuje kwenye mizani. Kwanza uione hesabu yako ilivyo nzuri: kilo 14 kutoka 98 ni zaidi kidogo ya asilimia 14. Kwenye utafiti mkubwa wa semaglutaidi uliochapishwa mwaka 2021, watu karibu 2,000 walifuatiliwa kwa wiki 68, na waliopata dawa walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9, wakati waliopewa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Wewe uko karibu na wastani huo ukiwa mwezi wa saba tu. Kasi kupungua kuanzia hapa na kuendelea ni jambo la kutegemewa. Dawa haijaacha kufanya kazi.

Halafu, mizani inapima kila kitu kwa pamoja: mafuta, misuli, mifupa, maji, chakula kilichomo tumboni na choo ambacho hakijatoka. Haijui kutofautisha. Umeanza kunyanyua uzito, na misuli inayoanza kazi mpya huvuta maji kwa ajili ya kujikarabati na huweka akiba zaidi ya wanga. Kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ongeza kukosa choo, ambako ni kawaida sana kwa watumiaji wa sindano hizi, na maji yanayojaa siku chache kabla ya hedhi. Kilo moja au mbili za mafuta zinaweza kuwa zimeondoka kabisa na nafasi yake kwenye mizani ikawa imeshikwa na maji. Kiuno hakidanganyiki kirahisi hivyo, kwa sababu mafuta huchukua nafasi kubwa kuliko misuli ya uzito uleule.

Na kiuno ndicho ninachokijali zaidi kama tabibu. Mafuta yaliyo chini ya ngozi, ya mapajani na makalioni, hayana madhara makubwa. Mafuta ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayofuatana na kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo. Mtu anapopungua, haya ya ndani kwa kawaida hupungua kwa sehemu kubwa zaidi. Katika utafiti ule niliotaja, viuno vya waliopata dawa vilipungua kwa wastani wa sentimita 13.5, dhidi ya sentimita 4 hivi kwa wasiopata. Basi suruali inayopwaya kiunoni inaweza kuwa inakuletea habari za ini lako na moyo wako. Ukishangilia hiyo unashangilia jambo zito.

Ila usishangilie nambari iliyoshonwa kwenye lebo. Nambari hiyo haina mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuingia 1940, serikali ya Marekani ilipima wanawake karibu 15,000, kila mmoja sehemu 59 za mwili, ili kutafuta saizi za pamoja. Matokeo yakachapishwa mwaka 1941. Wengi walikuwa vijana waliojitolea, na vipimo vya wanawake wasio weupe viliachwa nje ya hesabu. Kiwango rasmi kilitoka mwaka 1958, na mwaka 1983 kikafutwa. Tangu hapo kila mtengenezaji anafuata utaratibu wake, na wengi wameongeza upana wa nguo huku nambari ikibaki ileile au ikishuka, kwa sababu mteja anapenda kuambiwa ni mdogo. Unaweza kuingia duka moja ukatoka na saizi mbili pungufu, ukaingia la jirani ukarudishwa ulipokuwa, na kiuno chako kikawa hakijabadilika hata nukta. Wanawake wamelia vyumba vya kujaribia nguo kwa sababu ya nambari ambayo fundi wa kiwanda kingine angeiandika tofauti. Nisingependa uwe mmoja wao, wala furaha yako iwe mikononi mwa lebo.

Fanya hivi. Chagua nguo moja uliyokuwa nayo kabla ya sindano ya kwanza, ya kitambaa kisichovutika, isiwe na lastiki wala mchanganyiko unaonyoosheka. Ijaribu mara moja kila wiki nne, asubuhi kabla hujala. Siku hiyo hiyo chukua futi ya fundi upime kiuno: tafuta ubavu wa mwisho chini, tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, futi ipite katikati ya viwili hivyo, simama wima, toa pumzi kwa kawaida, soma bila kuibana futi. Watu wengi hupima pale mkanda wa suruali unapokaa, nako mara nyingi ni chini ya tumbo, kwa hiyo mabadiliko ya kweli hayaonekani. Kipimo cha kulenga ni rahisi kukumbuka: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 162 alenge chini ya 81. Ukishuka kuelekea huko, hata kama bado hujafika, tayari unapata faida.

Sasa nifike mahali ambapo nataka unisikilize kuliko pote. Nguo inaweza kupwaya kwa sababu mbili: mafuta yameondoka, au misuli imeondoka. Kwa kawaida vinaondoka vyote, na kinachobishaniwa ni kiasi. Baadhi ya washiriki wa utafiti wa semaglutaidi walipimwa kwa mashine inayotenganisha mafuta na tishu nyingine, ikaonekana karibu asilimia 40 ya uzito uliopotea haikuwa mafuta. Kwenye utafiti kama huo wa tirzepataidi, sindano nyingine ya kupunguza uzito, ilikuwa takriban robo. Tishu hizo si misuli peke yake, yamo maji na viungo vya ndani, kwa hiyo usishtuke kupita kiasi. Wanaopungua kwa lishe kali bila dawa nao hupoteza misuli. Lakini wewe una miaka 43, umri ambao misuli imeshaanza kupungua taratibu kwa wanawake, na ukomo wa hedhi uko njiani. Misuli unayoipoteza sasa ni kazi ngumu kuirudisha. Na kama siku moja uzito utarudi, mara nyingi hurudi kama mafuta zaidi ya misuli.

Ndiyo maana nikimwona mtu amepungua saizi tatu, swali langu la kwanza huwa: unapanda ngazi vipi? Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, simama na ukae kadiri uwezavyo kwa sekunde 30, uandike idadi. Rudia kila unapojaribu ile nguo yako. Idadi ikipanda au ikibaki huku kiuno kikishuka, hiyo ndiyo furaha kamili, piga vigelegele mara mbili. Idadi ikishuka, au ukaona kubeba mizigo uliyoizoea kumekuwa kazi, au kufungua mfuniko wa chupa kunakushinda, basi mapaja ya suruali yanapwaya kwa sababu isiyofaa na inabidi turekebishe mambo mapema.

Marekebisho yenyewe ni mawili. La kwanza umeshalianza: mazoezi ya kunyanyua uzito, angalau siku mbili kwa wiki, yanayogusa miguu, mgongo, kifua na mikono. Uzito uwe wa kukufanya mara za mwisho ziwe ngumu. Kutembea ni kuzuri kwa moyo na endelea nako, lakini hakutoshi kulinda misuli. La pili ni protini. Wataalamu wengi wanapendekeza gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku wakati mtu anapungua; kwako wewe hiyo ni kuanzia gramu 100 hivi. Yai moja lina gramu sita, kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 kina karibu 25, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina karibu 15. Utaona mara moja ugumu ulipo: sindano imekuondolea hamu ya kula, halafu mimi nakutaka ule. Anza kila mlo na protini kabla ya wanga, gawa katika milo midogo, na siku ambayo chakula hakipiti kabisa kunywa maziwa au mtindi. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii mpaka azungumze na daktari wake. Wapo wanaojivunia kwamba wanakula mlo mmoja kwa siku tangu waanze sindano. Mimi huwa nasikitika ninapolisikia hilo, kwa sababu najua nguo zao zinapwaya kwa gharama gani.

Hapo tumeshafika kwenye gauni na dozi. Hapana, usiombe dozi ipandishwe kwa ajili ya harusi. Semaglutaidi ya kupunguza uzito huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, ikaenda 0.5, 1, 1.7 hadi 2.4, na kwa kawaida kila ngazi hukaliwa wiki nne. Ngazi hizo zimewekwa ili tumbo lizoee. Anayeruka ngazi anaweza kutapika na kuharisha, akapoteza maji kiasi cha kuumiza figo, akashindwa kula protini hata kidogo, na uzito unaoondoka namna hiyo ni ule ule wa misuli na maji tuliousema. Kupungua kwa kasi kubwa pia huongeza uwezekano wa mawe kwenye mfuko wa nyongo. Na dozi inayokufanyia kazi vizuri haina sababu ya kupandishwa eti kwa kuwa ipo ya juu yake. Wapo wanaobaki na dozi ya kati kwa muda mrefu na mambo yao yanakwenda vizuri.

Usikubali pia kuazimwa kalamu ya sindano ya mtu mwingine, hata kama mmebadilisha sindano yenyewe, maana damu inaweza kurudi ndani ya kalamu na kubeba maambukizi. Wala usinunue kwa mtu asiye mfamasia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi bandia yenye jina la Ozempic iliyokutwa katika nchi kadhaa. Ukipata maumivu makali ya tumbo yasiyotulia, hasa yanayopenya hadi mgongoni, au ukashindwa kushikilia hata maji tumboni, usisubiri siku ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa inaweza kuwa kuvimba kwa kongosho au tatizo la nyongo.

Na kwa kuwa tunazungumzia gauni: zile nguo za ndani za kubana tumbo ziangalie. Dawa imechelewesha chakula tumboni, ukikibana kwa juu utapata kiungulia na kucheua usiku kucha. Kama ni lazima, zivae saa chache tu, na usile mlo mkubwa ukiwa umezivaa.

Jambo moja hukuuliza lakini linahusiana na kila saizi unayoshuka. Umesema unameza dawa ya shinikizo la damu. Dozi yake ilipangwa ukiwa na kilo 98. Shinikizo hushuka mwili unapopungua, na dawa ile ile inaweza sasa kuwa kali kwako. Ukisimama ghafla ukaona kizunguzungu au giza machoni, pima shinikizo na umpigie daktari wako. Usiikate mwenyewe. Lakini siku daktari akikwambia tunapunguza kidonge hiki, nakuomba ushangilie kama ulivyoshangilia suruali, na umwite binti yako aje kuona vilevile.

Binti huyo nimemfikiria sana. Ana miaka 12, mwili wake unaanza kubadilika, na atapanuka nyonga na kuongezeka uzito kama inavyotakiwa. Alichokisikia akija mbio ni mama anayefurahi kwa kuwa mdogo. Hakuna ubaya, ila maneno yanayofuata vigelegele ndiyo atakayoyabeba. Ukisema "sasa nimependeza", atajiuliza kama zamani ulikuwa unachukiza, na kama yeye akinenepa atachukiza. Mwambie unachokifurahia kwa jina lake: magoti hayaumi, unapanda ngazi bila kuhema, suruali uliyoipenda imekukaa. Mweleze pia kwamba unachoma sindano na kwa nini. Watoto wanajua kuna siri ndani ya nyumba, na dawa inayofichwa humfundisha mtoto kwamba ugonjwa wa mama ni aibu.

Kuhusu nguo kubwa, najua hamu ya kuzigawa zote siku moja. Mimi nakushauri uzipunguze kidogo kidogo. Bado unapungua, na hujajua utatulia wapi. Zile zilizokuzidi kwa saizi tatu na zaidi gawa kwa moyo mweupe, kuna mtu atazifurahia. Za saizi moja au mbili juu yako weka chache, nzuri, zilizokunjwa vizuri. Wapo wanaosema kubakiza nguo kubwa ni kujitabiria mabaya. Sikubaliani nao. Washiriki wa utafiti wa semaglutaidi walipoacha dawa baada ya wiki 68, ndani ya mwaka mmoja walikuwa wamerudisha wastani wa theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Hawakuwa wazembe. Ni ile kemia niliyokueleza, ilirudi kwa nguvu zote. Sindano inaweza kukatizwa kwa sababu ya gharama, uhaba, ujauzito au upasuaji, na mtu aliyechoma moto nguo zake zote hujikuta akilazimika kununua upya huku analia. Kama ipo siku utafikiria kuacha, panga na daktari wako miezi kabla, na usiache kimyakimya kwa sababu umefika saizi uliyoitaka. Kufika saizi hiyo ni matokeo ya tiba inayoendelea.

Wakati huohuo usijaze kabati kwa nguo mpya. Nunua mbili tatu za kukuvusha, nyingine zipeleke kwa fundi. Kitu cha kwanza kununua, na kinachosahaulika na wengi, ni sidiria: mgongo na kifua hupungua, ile ya zamani haishikilii tena, na mabega huuma mtu asijue chanzo. Pete nayo iangalie isikudondoke, na usishangae viatu vikianza kuchomoka. Kioo kitachelewa kukuamini. Watu wengi waliopungua sana hujiona wanene kwa miezi, wakapita kwenye nafasi kwa ubavu wakati mwili unapita wazi. Ubongo unahitaji muda kuichora upya picha yako, na kuvaa nguo inayokukaa sawasawa badala ya kujificha kwenye mapana huusaidia. Ikiwa ngozi ya tumbo au mikono imelegea, mafuta ya kupaka hayataikaza. Mazoezi hujaza sehemu, na kwa mwenye vidonda au upele kwenye mikunjo kuna tiba, kwa hiyo aseme.

Gauni lako la harusi lijaribu leo, upime kilichobaki kwa sentimita. Likiwa limebakiza sentimita mbili au tatu, huenda miezi miwili ikatosha kwa mwendo wako wa kawaida. Likibakiza kumi, mpelekee fundi aone kama mishono ya ubavuni ina kitambaa cha kuachia, au aongeze kipande cha kupendeza upande wa nyuma, na asikate chochote; atakapolipunguza baadaye atakunja kwa ndani. Marekebisho ya mwisho yafanywe wiki moja kabla ya siku yenyewe, maana kiuno unachokipima leo hakitakuwa hichohicho. Na viatu vijaribu siku hiyo hiyo ukiwa umelivaa.